Ganda la Fuwele juu ya Chembe za Metali

Platini inapotengenezwa katika umbo la chembe zenye upana wa nanomita chache, nanomita moja ikiwa ni sehemu ya bilioni ya mita, kila gramu yake hufanya kazi kubwa zaidi ya kuchochea mabadiliko ya kikemikali, kwa kuwa kichocheo cha namna hii hutenda kwa uso wake tu, na atomu zilizofichika ndani hazikutani na molekuli zinazopaswa kubadilishwa. Chembe yenye atomu 923, ambayo upana wake haufiki nanomita 4, inaweza kuwa na atomu 362 usoni, yaani karibu mbili katika kila tano. Udogo huohuo ndio unaoiangamiza: atomu za usoni, kwa kuwa zimezungukwa na atomu chache kuliko zile za ndani, hazitulii, na joto likipanda chembe zilizokaribiana huungana zikawa bonge, au atomu huhama kutoka chembe ndogo kwenda kubwa, hata metali ya thamani ikawa bado ipo yote ilhali sehemu kubwa ya uso wake imekwisha kupotea.

Kuzifunika chembe hizo ili zisigusane si wazo jipya, na silika imetumika kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba ganda zito huziba uso uleule linaoulinda, na vinyweleo vya silika ya kawaida, yaani matundu madogo yaliyomo ndani yake, havina kipimo kimoja. Fuwele hutofautiana na silika hiyo kwa kuwa mpangilio wa atomu zake hujirudia, hivyo na vinyweleo vyake hulingana. Ndiyo sababu viunzi vya metali na molekuli za kikaboni, ambavyo waasisi wake Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, vimevuta macho ya wanakemia wa vichocheo. Kiunzi kiitwacho ZIF-8 hujengwa kwa ayoni za zinki zinazounganishwa na molekuli za methilimidazoli. Ni kama nyumba ya vyumba vipana yenye milango myembamba, kwani uwazi wa ndani una upana wa nanomita 1.16 na tundu la kuingilia nanomita 0.34 tu. Zaidi ya hayo, hukua ndani ya methanoli katika joto la kawaida la chumba, jambo ambalo huziepusha chembe za metali na madhara ya joto kali.

Ugumu wote uko katika kuikuza fuwele hiyo mahali inapotakiwa. Zinki na methilimidazoli zikichanganywa, viini vya fuwele huchipuka popote katika myeyusho, na metali tupu haina cha kuvivutia. Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na Fengwei Huo lilionyesha kwamba chembe zikivikwa kwanza polima iitwayo polivinilipirolidoni hujishika kwenye nyuso za fuwele zinazoendelea kukua, kisha tabaka jipya likazifunika. Uzuri wa njia hii ni kwamba wakati wa kutia chembe ndio unaoamua makao yake: zikitiwa mwanzoni hukaa kiini cha fuwele, zikitiwa baadaye hukaa karibu na ukingo. Hata hivyo polima inayowezesha kazi hiyo hubaki imeushika uso wa metali, na hilo ni deni ambalo mara nyingi halipewi uzito unaostahili. Mwaka huohuo kundi la Chia-Kuang Tsung lilifuata njia tofauti, ambapo paladi ilifunikwa kwanza kwa oksidi ya shaba, na ZIF-8 ilipokuwa ikikua juu yake oksidi hiyo ikayeyuka, ikaacha nafasi wazi kati ya metali na ganda.

Jaribio linalopima ubora wa ganda ni kuongeza haidrojeni kwenye molekuli mbili za ukubwa tofauti. Hekseni, mnyororo mwembamba wa kaboni 6, hupita na kubadilika. Saiklookteni, duara la kaboni 8 lenye upana wa takriban nanomita 0.55, haina budi kubaki kama ilivyo. Saiklookteni ikibadilika hata kidogo, kuna platini iliyobaki nje au ganda lina ufa, na kwa hiyo jaribio hili lina thamani kubwa kuliko picha yoyote ya hadubini, ambayo huonyesha chembe chache tu. Inafaa pia kukumbuka kwamba kipimo cha nanomita 0.34 si mpaka mgumu, maana molekuli zinazounda mlango hujizungusha kidogo na kupitisha vitu vilivyozidi kipimo hicho.

ZIF-8 huvunjika katika asidi. Panapotakiwa uvumilivu zaidi hutumika UiO-66, kiunzi cha zirkoni kilichobuniwa Oslo na kutangazwa mwaka 2008, lakini utengenezaji wake wa kawaida huhitaji nyuzi 120 za Selsiasi, na katika joto hilo chembe za metali hazina budi kulindwa zisiungane kabla ganda lenyewe halijakamilika.