Mzee Akikataa Kahawa Yake

Mzee wako kila jioni yuko barazani, kikombe cha kahawa chungu mkononi, kashata pembeni, akibishana siasa. Leo ghafla kahawa haitaki, anakuita kwa jina la marehemu kaka yake, na usiku halali. Tafadhali usiseme ni uzee tu, wala usiseme amerogwa.

Huenda ana maambukizi: ya njia ya mkojo, nimonia au malaria. Kinga ya mwili inapopambana na vijidudu, humwaga kwenye damu kemikali za kuamsha uvimbe, na ishara zake hufika hadi ubongoni. Ndiyo maana hata kijana mwenye mafua huwa mzito, hana hamu ya chakula, mawazo hayashikani. Kwa mzee, akili huweza kuvurugika ndani ya saa chache, wakati mwingine bila homa yoyote.

Kahawa haitamtibu. Kafeini huzuia adenosini, kemikali inayoleta usingizi, vijidudu haiviui. Mpeleke kituo cha afya leo hii, umwambie daktari: "Juzi akili zake zilikuwa timamu." Shingo ikikakamaa au akipata degedege, usingoje kupambazuke.