Mkono Ulio Karibu na Koki: Mhadhara juu ya Kumwagika kwa Mafuta na Kemikali



Kauli iliyonitoa chumbani mwangu na kunisimamisha mbele yenu alasiri hii ni fupi, nayo nyote mmeisikia. Tangu Jumamosi ile ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka hapa Msamvu, Morogoro, Idi Kubwa ikiwa mlangoni, watu wakajaa na ndoo na madumu kuchota petroli, kisha moto ukawazukia, na roho zilizozidi mia moja zikapotea siku ile na katika majuma yaliyofuata, imekuwa ada kusema kwamba waliokufa waliuawa na ujinga na tamaa, na kwamba dawa ya mafuta kumwagika ni kuwaelimisha wananchi. Nimeisikia kauli hiyo barazani na sokoni, nami sikushangaa. Lakini nilipoisikia imesemwa na msomi mwenye shahada kubwa kuliko yangu, katika kikao cha watu waliopewa dhamana ya maghala na viwanda, nao wote wakiitikia kwa vichwa, niliona kwamba kunyamaza si adabu tena.

Sisemi elimu haina faida. Mwalimu asemaye hivyo amejifukuza kazi mwenyewe. Nasema kwamba kauli hiyo huanza kukihesabu kisa kutoka mwishoni, kisha hudai imekihesabu chote.

Tuishike kwanza pale inapojiona ina nguvu, yaani penye lori na ndoo. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, lori lilipinduka, watu wakachota, na moto ukaua zaidi ya mia. Tarehe 2 Julai 2010 huko Sange, Kivu ya Kusini, yakatokea yale yale, na waliokufa wakapita mia mbili. Habari hizo zilitangazwa kwa lugha hii hii tuizungumzayo. Mtu wa Msamvu hakukosa kujua kwamba petroli huwaka, jambo ambalo mtoto wa mwendesha bodaboda hulijua kabla ya kujua kusoma. Alichokikosa ni macho ya kuuona mvuke, na macho hayo hana profesa wala mchuuzi: petroli hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi iliyo chini sana ya kiwango cha barafu, na mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa ardhini, ukashuka mitaroni na kutulia mabondeni, ukimngoja mwenye kiberiti aliye mbali na asiye na habari kwamba lori limepinduka. Mpaka wa hatari hiyo haujulikani kwa hekima. Hujulikana kwa kipimo kilicho mkononi mwa mtu wa zimamoto, na kwa kamba ambayo askari huifunga njiani mapema. Kumlaumu maiti kwa kuuvuka mpaka ambao hapana aliyeuchora ni kukosa insafu.

Kisha tuipeleke mahali ambapo kisa hakianzi na ndoo, tuone itasema nini. Huko Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilitoka katika bomba kuu ikaingia mferejini, na moto ukaufuata mfereji hadi kwenye vibanda vya watu. Huko Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta ya bomba litokalo Mombasa kwenda Nairobi yalipenya ardhini yakauharibu mto na visima, wala hapana mwanakijiji aliyegusa bomba. Huko Buncefield, kaskazini ya London, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, tangi moja la petroli lilijazwa likafurika kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwama na kifaa cha kuzima pampu chenyewe hakikufanya kazi. Mvuke ukatanda, ukalipuka, na kuta zilizojengwa ili kuyazuia mafuta zikavuja palepale zilipounganishwa na palipopita mabomba. Waliokuwa zamu Buncefield walikuwa na mafunzo, vitabu na vyeti. Sasa tuwaelimishe nini, na tumwelimishe nani?

Hapa, chini ya milima hii ya Uluguru, kauli hiyo ina ukoo. Wakubwa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, miaka ya 1950, waliuona udongo wa Uluguru ukishuka na mvua, wakahukumu kwamba Mluguru hajui hatari ya mmomonyoko, wakamlazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Wakulima walilalamika kwamba ngazi hizo zilifukua udongo hafifu na kuufukia wenye rutuba, jambo ambalo kila mwenye jembe huko Matombo aliliona. Hawakusikilizwa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia, akafa mtu, na mradi ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walikiandikia kisa hicho kitabu kizima kilichotoka mwaka 1960. Nakitaja si kwa kupenda mambo ya kale, bali kwa kuwa tabia ni ile ile: penye madhara, mwenye cheo humtafuta mjinga aliye chini yake, na aghalabu humpata.

Mambo ya msingi sitayakariri, kwani wahandisi waliomo ukumbini wanayajua kunishinda: kwamba matangi huzungushiwa ukuta wa kinga, na kaida iliyozoeleka ni ukuta kubeba asilimia 110 ya tangi lililo kubwa kuliko yote; kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na ile ya kemikali za viwandani ya mwaka 2003 zimekwisha kugawa majukumu; kwamba ghala la mafuta halifunguliwi bila leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hayo yamo vitabuni, na vitabu vimo kabatini.

Lisilomo ni koki. Ukuta wa kinga ukiwa mzima hushika mafuta, na kwa sababu iyo hiyo hushika maji ya mvua. Masika ya Morogoro huujaza kwa siku chache, na ukuta uliojaa maji hauna nafasi tena ya mafuta. Ndiyo maana chini yake huwekwa bomba dogo lenye koki, ili maji yakaguliwe, yafunguliwe yaende zake, kisha koki ifungwe. Ingieni katika yadi wakati wa masika, zungukeni nyuma ya matangi penye majani marefu, muitafute koki hiyo. Mtaiona imeshika kutu ikiwa wazi, na chini yake udongo mweusi unaonukia dizeli, na mfereji mwembamba uliojichimba wenyewe ukielekea ng'ambo ya uzio. Ukuta umejengwa kwa fedha nyingi, umepakwa rangi, umepigwa picha kwa ajili ya ripoti. Na tundu lisilozidi upana wa kiganja limeubatilisha wote.

Katika ujana wangu, kabla sijaingia chuoni, nilikuwa karani katika yadi moja ya mafuta ambayo sitaitaja. Siku moja dizeli ikishushwa kutoka lorini mpira ulichomoka kwenye kiungo chake, mafuta yakaruka kwa kishindo. Kibarua aliyeushika mpira alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye swichi ya pampu, nami nilimwona kwa macho yangu akiiangalia swichi, akaiacha, akakimbia uwanja mzima mpaka ofisini kuomba ruhusa. Alikuwa na akili zake timamu: mwezi uliotangulia mwenzake alikuwa amekatwa mshahara kwa kusimamisha pampu bila amri. Alipokwisha kubisha hodi, kusalimu kwa adabu na kueleza shida, dizeli ilikuwa imepita ukuta kwa koki iliyoachwa wazi tangu mvua ya juzi, ikaingia mtaroni. Meneja alitoka akamwita mjinga. Tangu siku ile neno hilo likitajwa pamoja na mafuta, masikio yangu huwasha.

Kwa wale wapendao hujja ya sheria, nina kesi moja ambayo naipenda kupita kiasi, na wanafunzi wangu wamekwisha kuchoka kuisikia. Huko Lancashire, Uingereza, bwana John Rylands, mwenye kiwanda, aliajiri wahandisi na makandarasi wamchimbie bwawa la kukipatia kiwanda chake maji. Vibarua wakichimba walikuta chini ya bwawa mashimo ya kale ya makaa ya mawe, yaliyofukiwa kwa udongo hafifu. Waliyaona, wakaendelea na kazi. Tarehe 11 Desemba 1860, mara tu baada ya bwawa kujazwa kwa mara ya kwanza, maji yalipasua mashimo hayo, yakapita njia za chini kwa chini yakaufurikia mgodi wa jirani, Thomas Fletcher. (Wapenda ajabu wataona kwamba tarehe ni ile ile ya Buncefield, mimi sifanyi hoja nayo.) Rylands mwenyewe hakuwa na taksiri: hakujua, wala hakuwapo. Hata hivyo Jaji Blackburn, mwaka 1866, aliamua kwamba mtu anayeleta na kulimbikiza katika ardhi yake kitu kitakachodhuru kikitoroka, anakiweka kwa dhamana yake mwenyewe, na kikitoroka atalipa hata kama hakuzembea; na mwaka 1868 Baraza la Mabwana la Uingereza likaithibitisha hukumu. Kanuni hiyo ilifika Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza tulizotwishwa mwaka 1920. Mabwana wale wakaja kuipunguza makali mwaka 1993, katika shauri la kiwanda cha ngozi ambacho matone ya kemikali yake yalipenya sakafuni kwa miaka hadi kufikia kisima cha maji ya kunywa, wakasema mwenye kiwanda halipi madhara asiyoweza kuyatazamia. Nawaona walikosea. Mahakama ya Juu ya India, baada ya gesi ya tindikali kuvuja Delhi mwaka 1985, mwaka mmoja tu baada ya maafa ya gesi ya sumu ya Bhopal, ilishika njia bora zaidi, ikakataa kila udhuru.

Lakini wanasheria huisoma kesi ya Rylands kwa kumtazama mlipaji, mimi huisoma kwa kumtazama mchimbaji. Katika watu wote wa kisa kile, bwana, mhandisi, jirani na majaji, aliyeliona shimo mapema alikuwa mwenye sururu, naye hakuwa na mamlaka ya kusema kazi isimame.

Nimezipima hoja za wanaonipinga. Meneja mmoja aliniuliza: kila kibarua akiruhusiwa kuzima pampu, kazi itafanyika lini? Nakubali kwamba pampu itazimwa mara nyingine bila sababu, na fedha zitapotea. Mhandisi mwingine alinikumbusha kwamba koki ikifungwa ghafla wakati mafuta yanakwenda kasi, mshindo wake waweza kupasua bomba, kwa hiyo pampu huzimwa kwanza na koki hufuata. Hoja hiyo ni sahihi, nayo yanidai niseme kwamba mkono ulio karibu na koki lazima ufundishwe utaratibu. Vilevile si kila kimwagikacho huzuiwa kwa njia moja: unga wa mbao unaofaa kwa dizeli ni balaa juu ya tindikali ya naitriki, kwani huweza kuwaka, na molasi, ambayo si sumu kwa mtu, ikiingia mtoni hula hewa ya maji mpaka samaki wakafa. Yote hayo nimeyatia mizanini, na bado naona kwamba mamlaka ya kuzima yawe ya mtu aliye karibu, mlinzi wa usiku akiwa mmojawapo, bila kuomba ruhusa na bila kuogopa mshahara wake.

Na asiniambie mtu kwamba zimamoto watakuja. Watakuja, nao wakimwaga maji pasipo na kizuizi, maji hayo ndiyo yatakayobeba sumu. Tarehe 1 Novemba 1986, karibu na Basel, ghala la kampuni ya Sandoz liliwaka. Maji ya kuzimia moto yakasomba viuatilifu hadi mto Rhine, na mikunga ikafa kwa maelfu kwa mwendo mrefu wa mto. Moto ulizimwa vizuri.

Sasa tazameni mteremko tulioukalia. Malori yaendayo Iringa na Zambia hupita kando ya bwawa la Mindu, ambamo mji huu hunywa. Chini ya bwawa mto Ngerengere hupita jirani na viwanda vyetu, kisha huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Koki iliyoachwa wazi hapa ina njia ya maji mpaka kwenye mitambo ya kusafishia maji yao.

Ombi langu ni kwa Baraza la Mazingira, kwa EWURA na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkaguzi wenu asiende saa nne asubuhi kunywa chai na meneja na kusoma daftari. Aende usiku, mvua ikinyesha, amwombe mlinzi amwonyeshe koki ya ukuta wa kinga na kuifunga mbele yake, kisha amwonyeshe pampu huzimwa wapi. Mlinzi akijibu kwamba ufunguo anao bwana mkubwa, na bwana mkubwa amelala nyumbani kwake, leseni ya ghala hilo isitiwe saini.