Mogadishu Bila Julai: Uhalisia na Utu katika Filamu ya Vita vya Mjini



Jioni hii naomba tuitazame kwa makini filamu moja, Black Hawk Down ya mwongozaji Ridley Scott, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2001. Sababu ya kwanza ni kwamba wengi wetu tunaofundisha filamu huitaja kila tunapotaka kuonyesha uhalisia wa vita vya mjini. Sababu yangu ya pili iko karibu zaidi na nyumbani. Pwani ya Waswahili haikomei Lamu. Inapanda mpaka Barawa, mji ambao Chimwini, lahaja ya Kiswahili, kimesemwa kwa karne nyingi, na ukitoka Barawa hujafika mbali kabla ya kuingia Mogadishu. Mji unaopigwa risasi katika filamu hii ni wa jirani zetu.

Tukio lenyewe linajulikana. Alasiri ya tarehe 3 Oktoba 1993, askari wa Marekani walishuka karibu na soko la Bakaara kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita wa Kisomali. Kazi iliyotarajiwa kuisha kwa muda wa saa moja hivi ilikesha hadi asubuhi, kwa kuwa helikopta mbili ziliangushwa na askari wakazingirwa katikati ya mji.

Scott alipiga filamu Morocco, katika miji ya Rabat na Salé, na jeshi la Marekani likampa helikopta pamoja na marubani wake. Filamu ilipata Oscar mbili, ya uhariri na ya sauti, na zote ilizistahili. Msafara wa magari unapopotea, wakubwa wanauona mji wote kutoka angani, lakini amri ikimfikia dereva tayari kona imeshapitwa. Mtazamaji naye anapotea pamoja nao. Kisha kuna kijana aliyepigwa pajani. Mganga wa kikosi anaingiza vidole ndani ya jeraha akiutafuta mshipa uliokatika na kurudi ndani. Anaupata, unamponyoka, na kijana anaendelea kuzungumza huku uhai unamtoka. Nimeionyesha sehemu hiyo darasani mara nyingi na sijaona aliyeitazama akabaki vilevile. Hapo ufundi na utu vimekutana. Tunaomboleza pamoja na wale askari kwa sababu tumewekwa karibu nao kiasi cha kusikia pumzi zao.

Basi niulize swali ambalo filamu haitaki tuliulize. Wale watu maelfu wanaotoka majumbani na kukimbilia kwenye risasi, wanakimbilia nini?

Filamu inaanza na maandishi ya historia. Yanataja njaa. Yanataja mwezi wa Juni 1993, askari 24 wa Pakistani waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipouawa. Halafu yanaruka hadi mwishoni mwa Agosti, vikosi maalumu vya Marekani vinapowasili. Julai haimo.

Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia kwa makombora nyumba ambamo wazee na watu wazito wa ukoo wa Aidid walikuwa wamekutana. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu 54. Waandishi wa habari walikimbilia pale kupiga picha, na umati uliojaa hasira ukawaua wanne: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, na Hansi Krauss wa Ujerumani. Msiba wa nyumba ile ukaingia hadi mitaa ya Nairobi.

Hakuna la kuhalalisha kuuawa kwa wanahabari wale, wala kuburutwa kwa maiti za askari miezi mitatu baadaye. Lakini anayeijua Julai akiuona umati wa Oktoba huona watu waliofiwa. Asiyeijua huona kundi lenye kiu ya damu, basi. Na watengenezaji wa filamu waliijua. Kitabu cha Mark Bowden, walichokitumia kama msingi wa kazi yao, kinaisimulia siku ile.

Nitajibiwa kwamba hii ni hadithi ya askari, na askari haoni zaidi ya mtaro alimojificha. Hoja hiyo naikubali kwa vita vyenyewe. Maandishi ya mwanzo, hata hivyo, hayatoki machoni mwa askari yeyote. Hapo mtengenezaji anasema na sisi mwenyewe. Vivyo hivyo mwishoni, tunapoambiwa kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa na Wamarekani 19. Wale 19 wanatajwa majina, kama inavyostahili. Msomali hatajwi hata mmoja. Kuna mtoto anayempiga babake risasi kwa bahati mbaya, na kuna mwanamke anayeokota bunduki kando ya maiti. Zimepita sekunde chache tu, tena ni sekunde nzuri sana. Scott alijua njia ya kuwafikia watu hawa. Hakuifuata.

Kuna aliyeifuata kabla yake. Mwaka 1966 Gillo Pontecorvo alitoa filamu ya The Battle of Algiers. Mmoja wa watayarishaji wake, Saadi Yacef, aliwahi kuongoza wapiganaji wa Kasbah, mtaa wa kale wa Algiers, dhidi ya Wafaransa, na humo anaigiza mtu anayefanana na yeye mwenyewe. Alikuwa na kila sababu ya kujitukuza. Hata hivyo, kabla ya bomu kulipuka katika mkahawa wa Wafaransa, kamera inapita polepole usoni mwa wateja, hadi kwa mtoto anayelamba aiskrimu. Maombolezo ya muziki yanayopigwa kwa maiti za Kasbah ndiyo yanayopigwa kwa maiti za mkahawa. Kanali Mfaransa anapewa nafasi ya kujieleza mbele ya waandishi wa habari, na hoja zake ni nzito. Vifaa vya Pontecorvo vilikuwa duni ukivilinganisha na vya Scott, lakini mwaka 2003 maofisa wa Pentagon, wakiwa wanahangaika na Iraki, waliketi kuitazama filamu ya Algiers.

Hukumu yangu ni hii: Black Hawk Down ni filamu kubwa kuhusu jinsi watu wanavyouana mjini, na ni nusu ya filamu kuhusu kwa nini. Nusu iliyobaki haijatengenezwa. Wanafunzi wa filamu mlioko ukumbini, mashahidi wa Julai na Oktoba wapo Islii jijini Nairobi, wapo Mombasa, na wengi sasa ni wazee. Kamera mnazo. Nendeni mkawasikilize muhula huu.