Mgawanyo wa Mali ya Nchi na Amani Yetu

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache juu ya jambo linalogusa kila nyumba: kwa nini upande mmja wa nchi yetu una barabara, shule na hospitali, na upande mwingine hauna.

Tofauti hii haikuanza jana. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mali iliandama njia yake, na ardhi nzuri ya nyanda za juu ikatengewa walowezi. Kaskazini kulifungwa, mtu hakuingia wala kutoka bila kibali.

Baada ya Uhuru wa 1963, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye rutuba, mvua na njia, ili faida isambazwe baadaye kwa wengine. Hoja hiyo haikukosa akili, kwani fedha zilikuwa chache. Lakini aliyekuwa nacho aliongezewa, na barabara ya lami ya kufika Moyale haikuwa imekamilika hata Uhuru ulipotimiza miaka 50.

Hapo siasa zikaharibika. Watu wakaamini kwamba maji na barabara huja kwa kumweka mtu wa kwao Ikulu, na kushindwa katika kura kukawa kama kunyimwa chakula. Ghasia za 2007 na 2008, zilizoua watu zaidi ya 1,100, zilikuwa na sababu nyingi. Dhuluma hii ilikuwa mojawapo.

Katiba ya 2010 ilileta dawa: kaunti 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Mfuko wa Usawazishaji upewe nusu ya asilimia 1 kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizoachwa nyuma. Lakini dawa iliyoandikwa haimponyi asiyeinywa. Tena kaunti nayo yaweza kuneemesha makao yake makuu na kusahau vijiji vya mbali.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo naomba chama hiki kichague wajumbe wa kuhudhuria vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, waulize kila shilingi imekwenda wapi, kisha watuletee habari. Na tunapodai haki ya kwetu, tuidai pia ya jirani.