Konokono Si Mdudu: Kulinda Bustani Msimu wa Mvua

Mazungumzo ya Idara ya Kilimo ya Kaunti kwa vikundi vya wakulima na wakazi wenye bustani za nyumbani. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mvua ikishanyesha wiki mbili tatu, malalamiko yanayofika kwa maafisa wa kilimo wa wadi huwa yanafanana. Mkulima amepandikiza sukuma wiki jioni na miche imesimama vizuri. Asubuhi anakuta mstari mzima umebaki vijiti. Anatafuta kiwavi, haoni. Anakwenda kwenye duka la pembejeo, ananunua dawa ya wadudu na kunyunyiza. Usiku unaofuata miche mingine inaliwa, naye ananyunyiza tena. Mwisho wa wiki amepoteza miche na pesa za dawa, na mboga chache zilizobaki zimenyunyiziwa sumu mara mbili kabla ya kufika jikoni.

Kosa liko mwanzoni kabisa. Aliyekula miche ile ni konokono, na konokono si mdudu. Yumo katika jamii moja na chaza na pweza. Dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa kushambulia mwili wa mdudu, kwa hiyo konokono hazimdhuru. Zinachofanya ni kuua mbawakawa wa ardhini, ambao ni miongoni mwa wanaomla konokono na mayai yake. Mkulima anayenyunyiza hovyo anamwondolea konokono adui zake.

Kumtambua

Wapo konokono wenye nyumba mgongoni na wapo wasio nayo, ambao kwa Kiswahili huitwa pia koa. Katika bustani za mboga, koa ndiye msumbufu zaidi kwa sababu mwili wake laini hupenya katika ufa mdogo wa udongo na kujificha humo mchana kutwa.

Alama yake ni ute. Unapokauka huacha mstari unaong'aa juu ya jani au udongo. Matundu anayoacha hayana umbo maalum na mara nyingi yako katikati ya jani. Mche ukikutwa umekatwa shingoni na hakuna ute, huenda mharibifu ni kiwavi mnene wa kijivu anayejikunja akiguswa. Huyo hupatikana kwa kufukua udongo kidogo karibu na shina. Njia ya uhakika ni kutoka na tochi kati ya saa mbili na saa nne usiku, hasa baada ya mvua, na kumwona aliye kazini. Mkulima asinunue dawa yoyote kabla ya kumwona mharibifu wake.

Anavyoishi

Sehemu kubwa ya mwili wa konokono ni maji, na ngozi yake haiwezi kuyazuia yasikauke. Ndiyo sababu hutembea usiku, hupenda mvua, na mchana hulala chini ya mawe, mbao, magugu na majani yaliyooza. Kinywani ana ulimi wenye maelfu ya meno madogo sana ambao hukwaruza jani kama msasa.

Kila koa ana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, kwa hiyo kila mmoja anaweza kutaga. Mayai ni meupe au yanayopenyeza mwanga, mviringo kama shanga ndogo, na huwekwa kwa mafungu ndani ya nyufa za udongo wenye unyevu. Mkulima akiyakuta anapolima, ayafukue na kuyaacha juani. Yatakauka.

Kutokana na hayo, silaha ya kwanza ya mkulima ni ukavu. Bustani yenye maji jioni na maficho mchana itakuwa na konokono wengi hata ikinyunyiziwa dawa gani.

Hatua za kuchukua

Kwanza, maji yamwagiliwe asubuhi. Udongo wa juu hupata nafasi ya kukauka kabla ya usiku, na konokono hushindwa kusafiri mbali. Mwenye bustani ya gunia au ya ndoo amwagilie kwenye shina badala ya kulowesha gunia zima.

Pili, mipaka ya bustani isafishwe. Mbao, matofali na marundo ya magugu yasikae karibu na kitalu. Matandazo ni mazuri kwa udongo na hayakatazwi, lakini yawekwe baada ya miche kukomaa, na yasiguse shina.

Tatu, miche ilindwe wakati ni midogo. Mche wenye majani mawili huisha usiku mmoja, ilhali wenye majani sita unaweza kuliwa kidogo na ukaendelea kukua. Kitalu kikiwekwa juu ya meza, miche ikaachwa ikomae kabla ya kupandikizwa, hasara hupungua sana. Kwa bustani ndogo, chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kuondolewa kifuniko huweza kuvishwa mche na kudidimizwa udongoni kidogo, hadi mche upate nguvu.

Nne, konokono watengenezewe maficho ya uongo. Kipande cha mbao, gunia bichi au ganda la tikiti huwekwa kati ya mistari jioni. Saa moja asubuhi hugeuzwa, na konokono waliojificha chini yake hukusanywa kwa glavu au kijiti na kutiwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kazi hii huchukua dakika chache, ila ifanywe kila siku kwa wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza.

Tano, mtego wa chachu. Watu husema konokono hupenda pombe, na ni kweli harufu yake huwavuta. Lakini kinachovuta ni uchachu wenyewe, kwa hiyo maji yenye hamira na sukari kidogo yanatosha. Bakuli lifukiwe huku ukingo wake ukibaki juu ya udongo kama upana wa kidole, ili mbawakawa wapitao ardhini wasitumbukie. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili.

Yasiyosaidia sana

Jivu huzuia likiwa kavu. Likinyeshewa mara moja, kazi yake imekwisha. Chumvi humuua konokono lakini ikimwagwa shambani huharibu udongo na kuunguza mizizi, kwa hiyo isitumike kwenye bustani.

Maganda ya mayai yanasifiwa sana. Mwaka 2018, Royal Horticultural Society, chama cha wapenda bustani cha Uingereza, kilitoa matokeo ya jaribio la vizuizi kwenye letusi: maganda ya mayai, changarawe, maganda ya msonobari, sufu na utepe wa shaba. Letusi zilizozungushiwa vitu hivyo ziliharibiwa karibu sawa na zilizoachwa wazi. Mwenye maganda ya mayai ayasage atie kwenye mboji. Yatafaa zaidi huko.

Dawa ya konokono

Zipo dawa za chembechembe za kumuua konokono, na mkulima wa shamba kubwa huenda akazihitaji. Zile zenye metaldehidi zinahitaji tahadhari kubwa. Mbwa huzila kwa kuwa zimechanganywa na nafaka, na chache tu zinaweza kumletea kutetemeka, degedege na kifo. Mtoto mdogo naye huvutwa na rangi yake. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya metaldehidi nje ya nyumba mwaka 2022 kwa sababu ya madhara kwa ndege na wanyama wengine. Zipo pia za fosfeti ya chuma, ambazo hatari yake kwa wanyama wa nyumbani ni ndogo zaidi.

Anayenunua ahakikishe pakiti ina namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu, PCPB, na asikubali kupimiwa dawa kwenye karatasi au chupa ya soda. Chembechembe zitawanywe chache chache. Kuzirundika humkaribisha mbwa na kuku. Zihifadhiwe mahali palipofungwa kwa kufuli. Mtoto akishukiwa kuzila, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti yenyewe. Mnyama apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili.

Usafi wa mboga

Katika sehemu mbalimbali za dunia, konokono wa nchi kavu wamepatikana wakibeba mnyoo anayetoka kwa panya, ambaye akimwingia binadamu huweza kufika kwenye ubongo. Kinga yake ni rahisi: mboga zinazoliwa mbichi, kama letusi, dania na kabichi ya kachumbari, zitenganishwe jani moja moja na kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi ya bustani, na watoto wasichezee konokono. Konokono wa kichocho ni wengine. Hao huishi kwenye maji baridi ya mabwawa na mifereji, wala hawapandi kwenye sukuma wiki.

Kuishi naye

Hakuna atakayemaliza konokono wote, na si lazima. Wengi hula majani yaliyooza na kuyarudisha udongoni kama mbolea. Wengine huwala konokono wenzao. Aina moja ya wawindaji hao imepewa jina la kisayansi kutokana na Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Katika miaka ya 1950 konokono hao wa Kenya walipelekwa hadi visiwa vya Pasifiki ili kupambana na konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, aliyekuwa amefikishwa huko na watu na kugeuka balaa.

Wasaidizi wengine wako karibu zaidi. Chura hula koa usiku. Kwarara, ndege anayepiga kelele alfajiri, huchokoa udongo kwa mdomo wake mrefu akiwatafuta. Bata ni hodari kuliko kuku, kwa sababu hachakuri sana. Hata hivyo afunguliwe bustanini kabla ya kupanda au baada ya mboga kukomaa, kwani miche michanga naye huila. Palipowekwa chembechembe za dawa, bata na kuku wasiruhusiwe kuingia.

Kwa ufupi, mkulima amwone mharibifu kwanza, amwagilie asubuhi, aondoe maficho, alinde mche kwa wiki mbili za mwanzo na aoshe mboga zake. Mambo hayo hayahitaji pesa nyingi, na yatamwachia mkulima mboga ambazo familia inaweza kula bila wasiwasi. Penye tatizo kubwa, afisa wa kilimo wa wadi aitwe afike shambani kabla pesa hazijatumika dukani.