Wanawake Wajengao Nyumba za Wenye Haja



Tumepewa kusema habari za akina mama wanaojitolea kuwajengea nyumba watu wenye shida. Labda wengine watashangaa, kwa kuwa katika kitabu cha ukumbusho watu wamezoea kusoma habari za makanisa yaliyojengwa na kengele zilizoletwa toka Ulaya. Hizo ni habari njema. Walakini tukumbuke mwanzo wa kituo chetu. Mwaka 1892 wamisionari wa Kijerumani walitoka Dar es Salaam wakapanda vilima hivi vya Kisarawe, wakajenga, wakawapa makao watu waliokombolewa katika utumwa. Watu hao walikuwa mbali na jamaa zao. Hawakuwa na mjomba wa kuwakatia nguzo, wala shangazi wa kuwasukia makuti. Basi kumjengea nyumba mtu asiye na wa kumjengea ni jambo la tangu mwanzo mahali hapa.

Tena mtu asiseme kwamba kujenga si kazi ya mwanamke. Katika Uzaramo nyumba ya miti na udongo ni kazi ya wote. Wanaume hukata nguzo, hufunga fito, hupanda juu kuezeka. Lakini ni nani achotaye maji ya kukanyagia udongo? Ni nani akandikaye kuta, akarudia kuzisiliba zipate kulainika? Ni nani aketiye mchana kutwa akisuka makuti? Kwa Wamasai mwanamke ndiye ajengaye nyumba yote, tangu fito hata mavi ya ng'ombe ya kukandikia. Na wasomaji wa Biblia watazame kitabu cha Nehemia, mlango wa 3. Humo, katika orodha ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, wametajwa binti za Shalumu pamoja na baba yao. Majina yao hayakuandikwa, lakini kazi yao imeandikwa.

Tumesikia wazee wakisema, "Kumjengea mjane ni kuwaaibisha ndugu zake." Hatulidharau neno hili. Zamani ndugu walikuwa karibu, na mjane aliyeangukiwa na ukuta alipata mkono wa kumsaidia siku ile ile. Siku hizi ndugu wako Dar es Salaam, nao wenyewe wamepanga chumba kimoja. Wakija, huja kwa msiba, kisha hurudi na gari la jioni. Mvua ya masika haimngoji mjomba. Kama kuna aibu, tunaona ni afadhali ndugu waione nyumba iliyosimama kuliko kumwona dada yao analala jikoni kwa jirani.

Wala si kwetu tu. Huko Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa nchi ya Wakikuyu waliunda vyama vilivyojulikana kwa jina la mabati. Majani ya kuezekea yalikuwa yamekwisha kuwa haba, na nyumba zilivuja. Basi wakalima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, wakanunua mabati ya mmoja, kisha ya mwingine, kwa zamu, hata kila mmoja akapata. Bati likampa mama faida ya pili, maana maji ya mvua yalikingwa katika pipa, naye akapumzika safari ya mtoni. Na karibu nasi, mwaka 2007 na 2008, watu wengi wa Kurasini walitolewa ili bandari ipate nafasi, na wapangaji ndio walioumia zaidi. Watu wa shirikisho la maskini wa mijini, wengi wao wakiwa wanawake wenye akiba za shilingi chache chache, walinunua ekari 30 huko Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali kwa mikono yao wenyewe. Walianza na nyumba ndogo, ili mtu aongeze chumba kadiri awezavyo. Hekima hiyo tunaipenda. Wengi wetu huanza na msingi wa vyumba sita, tukafa tukiacha nyasi ndani yake.

Sasa tuseme neno lililo zito. Tulimjua mjane mmoja aliyejengewa na akina mama wa kijiji jirani. Walibeba maji muda wa wiki tatu. Nyumba ikaisha, wakaimba, wakala pamoja. Mwaka wa pili akaja mpwa wa marehemu mumewe akasema, "Kiwanja ni cha mjomba wangu." Na katika desturi ya Wazaramo wa kale mpwa alikuwa mrithi kweli. Mama yule akatoka na mkeka wake na watoto wawili, na kuta zile walizozikandika wanawake wenzake zikakaliwa na kijana aliyekuwa hajabeba hata ndoo moja.

Jambo hili lina dawa, nasi twasikitika kwamba wengi hawaijui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Halmashauri ya kijiji yaweza kumpa mtu hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mwanamke laandikwa humo kama la mwanamume. Basi kabla ya kukata nguzo ya kwanza, kwanza kiwanja. Akina mama waulize mpaka uko wapi, jirani ni nani, mwenyekiti anajua au hajui. Ikiwa jamaa za marehemu wako, waitwe, waseme mbele ya mashahidi, maana maneno yaliyosemwa kabla ya ujenzi hupoza mengi.

Hapo ndipo tunapowahitaji waalimu. Mama wengi hawana woga wa udongo wala wa jua, lakini hukiogopa kiti cha ofisini. Mwalimu mmoja akifuatana nao asubuhi moja, akawasomea karatasi kabla hawajatia kidole gumba, atakuwa amebeba tope nyingi kuliko sisi sote. Na kazi hiyo ifanywe mapema, kuta zipate kukauka kabla ya masika.