Jina la Chama Katika Intaneti ni Mali ya Chama



Kila chama cha msingi kina mhuri. Mhuri hufungiwa kabatini, kwa kuwa barua iliyogongwa mhuri huhesabiwa kuwa kauli ya chama chenyewe. Siku hizi kipo kitu kingine chenye nguvu kama hiyo, nacho ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo kwayo chama hupatikana katika intaneti. Majina ya biashara za Tanzania huishia mara nyingi kwa herufi .co.tz.

Chama cha wakulima wa Uluguru wauzao mdalasini, karafuu na pilipili manga huweza kufikiwa kwa anwani hiyo na mnunuzi aliye Dar es Salaam au ng'ambo. Barua pepe za chama nazo hupitia jina hilo hilo. Kwa hiyo mwizi akilitwaa jina, hupokea barua za wanunuzi, huzijibu kana kwamba yeye ndiye chama, kisha hutaja akaunti yake mwenyewe ya benki. Jasho la msimu mzima hupotea pasipo mlango kuvunjwa.

Wizi wa namna hii si jambo geni duniani. Huko Marekani, Gary Kremen alisajili jina la kikoa mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen alimpelekea msajili barua ya kughushi, iliyodai kwamba kampuni ya Kremen imemfukuza Kremen na haina haja tena na jina hilo. Msajili alilihamisha bila kumwuliza mwenyewe. Mahakama iliamuru jina lirudishwe mwaka 2000, na mwaka 2001 Cohen akaamriwa kulipa dola milioni 65. Lakini alikwisha kimbilia Mexico. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ilitamka kwamba jina la kikoa ni mali kama mali nyingine.

Ikiwa ni mali, basi ilindwe kama mali. Katika vyama, hatari huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni jina kusajiliwa kwa niaba ya mtu binafsi, kama vile fundi aliyetengeneza tovuti au karani wa ofisi. Mtu huyo akiondoka, huondoka na jina. Kamati ihakikishe kwamba mwenye jina katika usajili ni chama, na kwamba barua pepe iliyoandikwa humo ni ya ofisi.

Mlango wa pili ni ada. Jina hulipiwa kwa muda maalumu; muda ukipita bila malipo, mtu mwingine aweza kulichukua. Tarehe ya malipo iandikwe katika daftari na isomwe kikaoni mapema.

Mlango wa tatu ni nywila. Isitumiwe nywila moja kwa kila kazi, wala isitajwe kwa simu kwa mtu anayejiita msajili. Uwekwe uthibitisho wa hatua mbili, na msajili aombwe kulifunga jina lisihamishwe bila idhini ya chama. Viongozi wawili wajue mahali nywila ilipohifadhiwa.

Wizi ukitokea, siku moja ni nyingi. Katibu amwarifu msajili mara moja, awatahadharishe wanunuzi kwa simu, na kutoa taarifa polisi na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayosimamia majina ya .tz. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humtia hatiani aingiaye katika mfumo wa kompyuta bila haki, na vilevile aghushiye kwa kompyuta. Lakini chama kitatakiwa kuthibitisha kwamba jina ni lake. Ushahidi huo ni stakabadhi za malipo na muhtasari wa kikao kilichoamua jina lisajiliwe.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Katika kikao kijacho cha kamati, kila katibu aulizwe swali moja: jina la chama limeandikwa kwa nani?